Upinde wa kale ukiundwa upya kwa kaboni: nguvu inaongezeka wapi hasa?

Swali la msomaji: "Nimesoma kwamba upinde mrefu wa Kiingereza wa karne ya 16 ulihitaji kuvutwa kwa kilo 70, na kwamba upinde wa kisasa wa kapi wa kilo 32 unatoa nguvu ileile. Rafiki yangu anasema siri ni kaboni na fibaglasi. Je, tukiuunda upinde uleule wa kale kwa vifaa hivyo, utakuwa na nguvu mara ngapi? Na mtu akitaka kulinganisha kwa haki, apime nini?"

Jibu:

Rafiki yako amepatia kidogo tu. Ukibadilisha vifaa na kuichonga upya mikono ya upinde ili ivifae, ukaacha uzito wa kuvuta vilevile, mshale utaongeza kasi kwa asilimia saba au nane hivi, na kama kumi ukiwa mwepesi. Tofauti kubwa unayoisoma inatoka kwingine: namna nguvu inavyopanda wakati wa kuvuta, na uzito wa mshale unaotumika kupimia. Twende kwa namba.

Kuhusu pinde za Kiingereza hatubahatishi, kwa sababu meli ya kivita Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth mwezi Julai 1545 na tope likazihifadhi silaha zake. Meli ilipoopolewa mwaka 1982, wataalamu walikuwa wameshatoa pinde nzima 137 na mishale zaidi ya 3,500. Pinde hizo ni za mti wa yew, kwa jina la kitaalamu Taxus baccata, zenye urefu wa kati ya mita 1.87 na 2.11. Uzito wa kuvuta, yaani kilo ambazo mzani ungesoma mshale ukiwa umevutwa mpaka mwisho, unakadiriwa kati ya kilo 45 na 84, nyingi zikiangukia karibu na 70. Upinde wa mfano uliochongwa kwa vipimo hivyo, wa kilo 68, ulipeleka mshale wa gramu 53.6 umbali wa mita 328, na mshale wa gramu 95.9 umbali wa mita 249.9. Shika namba hizo mbili, tutazirudia.

Upinde ni ghala. Unapovuta unaweka nishati kwenye mikono yake, yaani nusu ya juu na nusu ya chini zinazopinda, na unapoachia mikono inailipa. Kilo 68 ni kama nyutoni 667. Mshale ukivutwa sentimita 60 na ushei kutoka pale upote, yaani kamba ya upinde, ulipotulia, na nguvu ikipanda sawasawa kutoka sifuri hadi kilele, unaweka nishati ya karibu juli 200. Mshale wa gramu 95.9 ukifika mita 250 maana yake uliondoka kwa kasi ya kama mita 53 kwa sekunde, sawa na juli 135. Juli 65 hivi zimepotea. Zimekwenda wapi?

Nyingi zimebaki kwenye upinde wenyewe. Mikono mirefu ya mti mzito nayo lazima irushwe mbele, na upote vilevile. Mshale unapochomoka, mikono bado inakimbia, na mkimbio huo unaishia kwenye kishindo unachokisikia kiganjani. Paul Klopsteg, mwanafizikia wa Marekani aliyechunguza pinde pamoja na Clarence Hickman tangu miaka ya 1930, aliiweka hesabu hii kwa njia ninayoipenda kuliko zote: uchukulie upinde kana kwamba kila mara unarusha mshale wako pamoja na mzigo mwingine usioonekana, ambao haubadiliki hata ukibadilisha mshale. Ufanisi ni uzito wa mshale ukigawanywa kwa jumla ya mshale na mzigo huo. Kwa upinde wetu wa kilo 68 mzigo huo unatoka kama gramu 46. Mshale wa gramu 95.9 unapata asilimia 67 ya nishati. Ule wa gramu 53.6 unapata asilimia 54 tu, unaondoka kwa mita 63 au 64 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo mita 328 zinaeleweka vizuri.

Sasa tuuunde upya kwa fibaglasi, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Fibaglasi yenye nyuzi zilizolala upande mmoja ni ngumu kupinda mara nne hivi kuliko yew. Ukichonga upinde uleule kwa unene uleule, hutapata upinde wa kilo 68. Utapata wa kilo 270, ambao hakuna binadamu wa kuuvuta. Kwa hiyo unaupunguza unene. Ugumu wa kupinda hufuata unene mara unene mara unene, kwa hiyo ukipunguza mpaka asilimia 63 ya unene wa awali, unarudi kilo 68. Lakini fibaglasi ni nzito mara tatu ya yew. Asilimia 63 mara tatu: mikono yako sasa ina uzito wa karibu mara mbili ya ile ya mti! Umetumia kifaa cha kisasa na umepata upinde mzembe kuliko wa mwaka 1545. Kaboni, yenye ugumu wa kama mara 13 ya yew na uzito wa mara mbili na nusu hivi, inakupa mikono yenye uzito uleule wa mti. Faida yake hapo ni sifuri.

Ndiyo maana hakuna fundi makini anayetengeneza mkono wa upinde kwa fibaglasi tupu akitarajia kasi. Kinachofanyika ni kuweka ganda jembamba la fibaglasi au kaboni mgongoni (upande wa mbele, unaotazama shabaha) na tumboni (upande wa mpigaji), na katikati mti mwepesi kama mwanzi au mepo. Mkono unapopinda, mgongo unavutwa na tumbo linabanwa, na katikati hapafanyi kazi kubwa. Nusu ya katikati ya unene wa mkono inachangia moja ya nane tu ya ugumu wake wote. Ukiweka kitu chepesi hapo, hupotezi kitu. Kazi ya kiini ni kuyaweka maganda mawili mbali na kuyazuia yasiteleze moja juu ya jingine, na hapo gundi ndiyo roho ya upinde.

Maganda hayo yanakupa pia jambo ambalo mti hauwezi. Yew hukubali kunyooshwa au kubanwa kama asilimia moja na kitu, basi. Ukizidisha, mti wa ndani upande wa tumbo unakunjamana: unaona vistari vyembamba vinavyokatiza mkono, kama mikunjo ya ngozi ya kiwiko, na ukipitisha ukucha unakwama kidogo. Upinde wenye vistari hivyo haurudi tena ulivyokuwa. Fibaglasi huenda asilimia mbili na zaidi bila kulalamika. Maana yake unaweza kufupisha mikono, kuipinda zaidi, na kufanya ncha zake ziwe nyembamba mno. Gramu moja uliyoiondoa kwenye ncha ina thamani kuliko gramu kumi ulizoziondoa karibu na mshikio, kwa sababu ncha ndiyo inayokimbia sana.

Tuseme umefanya hayo vizuri na mzigo usioonekana umeshuka kutoka gramu 46 hadi 27. Uzito wa kuvuta ni uleule, juli 200 zilezile. Mshale wa gramu 95.9 sasa unapata asilimia 78, juli 156, na kasi ya mita 57 kwa sekunde badala ya 53. Hiyo ndiyo asilimia nane niliyoitaja mwanzoni. Ni faida ya kweli, ila haielezi jinsi kilo 32 zinavyoweza kulingana na kilo 70.

Pembe na kano za wanyama zilikuwa na jibu la aina hii kabla ya viwanda. Pinde za Waturuki na za watu wa nyika za Asia zilikuwa na pembe ya nyati tumboni, kano mgongoni, na mti mwembamba katikati, yaani mpangilio uleule wa ganda, kiini, ganda. Kwa kila kilo, kano huhifadhi nishati kuliko mti kwa mbali sana. Udhaifu wake ulikuwa gundi, iliyopikwa kwa ngozi au kibofu cha samaki, ambayo hulegea hewa ikiwa na unyevu. Upinde wa namna hiyo usingedumu Mombasa au Zanzibar wakati wa masika. Resini ya epoksi imetatua jambo hilo moja, na kwa maoni yangu huo ndio ushindi mkubwa wa kemia kwenye pinde, kuliko hata kaboni.

Chuma nacho kina somo lake. Watu hudhani upinde wa chuma lazima uushinde wa mti. Kwa kila kilo, chuma cha springi kinahifadhi nishati kidogo kuliko yew, na kina uzito mkubwa wa kurusha. Mwingereza Ralph Payne-Gallwey, mtafiti wa pinde za mtambo, alijaribu upinde mkubwa wa mtambo wa karne ya 15, ule unaolazwa juu ya kitako cha mbao na kuachiwa kwa kifyatulio. Uzito wake wa kuvuta ulikuwa ratili 1,200, zaidi ya kilo 540, na ulirusha mshale mfupi wa gramu 85 kuvuka mlangobahari wa Menai kule Wales, mita 400 na ushei. Kilo 540! Lakini upote wake unasafiri sentimita 18 tu. Nusu ya nguvu mara umbali huo ni juli 475 hivi, na mshale ule, kwa umbali uliofika, haukubeba hata nusu yake. Nguvu kubwa kwa safari fupi haikufikishi mbali.

Sasa upinde wa kapi. Holless Wilbur Allen wa Missouri aliomba hataza yake mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Alichofanya ni kuweka kapi zisizo na kitovu cha katikati kwenye ncha za mikono, ili zinapozunguka zibadilishe wenzo. Ukivuta upinde wa kawaida nguvu inapanda kama ngazi mpaka mwisho. Ukivuta wa kapi, inapanda ghafla mpaka kileleni ndani ya sentimita chache, inakaa huko kwa sehemu kubwa ya safari, kisha inaporomoka. Ukichora kwenye karatasi, wa kwanza unakupa pembetatu na wa pili karibu mstatili. Eneo chini ya mstari ndilo nishati. Kilo 32, yaani nyutoni 314, kwa safari ya sentimita 60, zinajaza kama juli 145. Upinde wa kawaida wa kilo hizohizo ungekuwa na kama 95. Na mwishoni mpigaji anashikilia kilo tatu hadi sita tu, analenga bila mkono kutetemeka.

Mikono ya upinde huo ni mifupi na migumu, na inasogea sentimita chache tu. Zinazokimbia ni nyuzi. Ndiyo maana mzigo usioonekana ni mdogo, kama gramu tano. Viwanda huutangazia upinde huu kasi kwa mshale wa gramu 22.7, mvuto wa sentimita 76, uzito wa kilo 32, na namba za kawaida ni kama mita 102 kwa sekunde. Hizo ni juli 118. Upinde mrefu wa kilo 72 ukirusha mshale wa gramu 80 kwa mita 55 kwa sekunde unatoa juli 121. Hapo ndipo maneno "nguvu ileile" uliyoyasoma yanapotoka, na hesabu ni sahihi.

Ila tazama mishale. Mmoja una gramu 22.7, mwingine 80. Wa kwanza unafika haraka na kwa njia iliyonyooka. Wa pili una msukumo, yaani uzito mara kasi, wa karibu mara mbili, na hausimamishwi upesi na kitu kigumu. Kulinganisha mishale miwili tofauti kisha kuusifu upinde ni kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Ukiuweka mshale wa gramu 80 kwenye ule wa kapi, hesabu inakupa mita 55 hadi 58 kwa sekunde. Yaani kilo 32 zinautupa mshale wa vita wa Kiingereza kwa kasi ya kilo 72. Hapo ndipo ninapovua kofia kwa Allen, na ninaona sifa yake ni ya umbo na wenzo. Pinde zake za mwanzo zingeweza kufanya kazi hata kwa mikono ya mti na fibaglasi.

Usiiache kazi ya mshale nje ya mjadala. Wawindaji wa Waata wa eneo la Tsavo walitumia pinde za mti mmoja zilizopimwa kuzidi kilo 45, nzito kwa kiwango cha Waingereza, kwa sababu chembe, yaani kichwa cha mshale, yenye sumu ya msunguti ilipaswa kuipita ngozi ya tembo. Hawakuhitaji mita 300, walihitaji mshale mzito kutoka karibu. Upande wa pili kabisa wako washindani wa umbali: mwaka 1987 Don Brown alirusha mshale mita 1,222.01 kwa upinde wa mkono huko Nevada, kwa mshale mdogo na mwepesi ambao usingefaa kitu kingine chochote duniani. Upinde "bora" wa mmoja ni takataka kwa mwingine.

Namna ya kupima kwa haki. Funga upinde kwenye mti wa kudumu ukutani, mshikio juu. Ning'iniza mzani wa ndoano wa dijitali, wa kupimia mizigo, kwenye upote, na uweke rula pembeni. Vuta na usome kila sentimita 5, ukienda bila kusita, kwa sababu mti ukishikiliwa unalegea na namba zinashuka. Tuseme upinde wa mti unaanzia sentimita 15 na kuishia 70, na unasoma kilo 0, 2.2, 4.2, 6.1, 7.9, 9.6, 11.3, 13.0, 14.7, 16.4, 18.1 na 20. Jumlisha zote, lakini ya mwisho ichukue nusu: unapata 113.5. Zidisha kwa 0.05, kisha kwa 9.81. Upinde huo una juli 56.

Kisha rusha mishale ya uzito tatu tofauti, mathalani gramu 28, 30 na 40, kila uzito mara kumi, mbele ya kipima kasi kilichowekwa kama mita moja kutoka kwenye upinde. Achia kwa kifyatulio kilekile kwa pinde zote, kwa kuwa vidole hupoteza kasi na hupoteza tofauti kila siku. Ukipata mita 48 kwa sekunde kwa gramu 30, hizo ni juli 34.6, ufanisi ni asilimia 62, na mzigo usioonekana ni kama gramu 18.6. Ukiuhesabu kwa gramu 28 na 40 unapaswa kupata namba inayokaribiana na hiyo. Ikitofautiana sana, ama mzani wako unadanganya, ama mshale unagonga upinde wakati unatoka. Tazama rangi iliyofutika ubavuni mwa mshale.

Mshale kugonga ni tatizo la kweli ukichanganya zama. Upinde wa kale hauna dirisha la kupitishia mshale, kwa hiyo mshale unapinda kulizunguka shina lake, unayumba kama samaki, kisha unanyooka. Hickman aliupiga picha mwendo huo kwa kamera ya kasi. Mshale wa kaboni ulio mgumu haupindi vya kutosha, unatupwa pembeni, na mtu anaandika kwamba upinde wa kale hauna shabaha. Chagua mshale uliolegea vya kutosha kwa upinde wa kale na mgumu kwa ule wa kapi, kisha sawazisha uzito kwa kuongeza kwenye ncha.

Usishuke chini ya uzito salama: kwa upinde wa kapi kama gramu 0.7 kwa kila kilo ya kuvuta, kwa upinde wa mti gramu 1.3 au zaidi. Mshale mwepesi mno ni sawa na kuachia upote mtupu, na nishati isiyopata mshale inarudi kuvunja mikono. Kabla ya kila raundi ukunje mshale wa kaboni kidogo karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kukatika, uvunje na kuutupa, kwa maana ukipasukia kwenye upinde vipande vyake vinaingia mkononi. Upinde wa maganda usiuache ndani ya gari lililofungwa juani, joto linailegeza gundi na ganda linabanduka. Ule wa mti ushushe upote kila ukimaliza, na ukiwa Pwani upime tena baada ya wiki kadhaa, kwani unyevu utakuwa umeukula uzito wake wa kuvuta.

Mwisho ni upote, kwa kuwa ndiyo sehemu ya kisasa ambayo watu huipachika kwenye upinde wa kale bila kufikiri. Kwenye Mary Rose nyuzi zenyewe zilioza, lakini mifuo ya mishale, yaani vijifereji vya kushikia upote, ina upana wa milimita 3 na ushei, kwa hiyo upote haukuweza kuwa mnene zaidi ya hapo. Theluthi moja ya uzito wa upote huhesabika kama imebandikwa kwenye mshale, hivyo uzi mwembamba wa Dyneema, aina ya uzi imara wa kiwandani, unakuongezea kasi papo hapo. Tatizo ni kwamba haurefuki ukivutwa. Kitani na katani hurefuka kidogo na kumeza kishindo. Dyneema inakipeleka chote kwenye ncha, na kitanzi chembamba kinaikata mifuo ya mti kama waya unavyokata sabuni. Kama lazima uutumie, bandika kipande cha pembe au mfupa kwenye ncha zote mbili, na uvinenepeshe vitanzi kwa kuongeza nyuzi mpaka vifike unene wa ule wa kitani. Baada ya mishale hamsini vua upote, angalia mzizi wa kila mfuo kwa kioo cha kukuzia, na ukiona ufa unaofuata nyuzi za mti, hata wa urefu wa punje ya mchele, usiuvute tena upinde huo mpaka ncha itengenezwe.